MARUMARU NA KWATSAITI

Katika upande wa Kajiado huonekana mawe meupe ya namna mbili, marumaru na kwatsaiti. Yote mawili yaligeuka zamani sana, chini kabisa ardhini, kwa joto kali na uzito wa miamba iliyoyalalia. Lakini asili yake si moja: marumaru lilikuwa jiwe la chokaa, kwatsaiti ilikuwa mchanga ulioshikamana.

Atakaye kuchoma chokaa na ayapime kwanza kwa ncha ya kisu. Marumaru hukwaruzika, na unga wake ukitiwa siki hutoa mapovu madogo. Kwatsaiti haikwaruziki wala haitoi povu. Hiyo, hata ikichomwa usiku na mchana, haiwi chokaa, na kuni zote hupotea bure.