Mfuko wa Hewa Ndani ya Gari

Magari mengi madogo yanayotubeba siku hizi yamekwisha tumika Japani kabla ya kuletwa kwetu. Ukikaa mbele, soma kwenye usukani na kwenye dashibodi. Mara nyingi utaona herufi SRS. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya kinga ya nyongeza, yaani nyongeza ya mkanda. Nyuma ya plastiki hiyo kuna mfuko wa nailoni uliokunjwa vizuri.

Mfuko huu haujazwi kwa pampu. Pampu ingechelewa mno. Gari lina kifaa kinachopima jinsi mwendo unavyopungua. Breki, hata za ghafla, hazikishtui. Lakini gari likigonga mti kwa nguvu, kifaa hupeleka umeme kwenye kopo la chuma lenye dawa inayowaka kama baruti. Katika magari mengi ya zamani dawa hiyo ilikuwa sodiamu azaidi. Ikiwaka hutoa gesi ya naitrojeni, ile ile iliyo nyingi katika hewa tunayovuta. Mfuko hupasua plastiki na kujaa. Tugawe sekunde moja mafungu 1,000: mafungu 30 hadi 50 tu yanatosha. Hata kupepesa jicho huchukua muda zaidi! Kisha gesi hutoka kwenye matundu ya mfuko, nao hunywea, ili kichwa kisigonge kitu kigumu.

Sasa, kitu kinachofunguka kwa kasi hiyo nacho ni pigo. Mtu asiyefunga mkanda hurushwa mbele akakutana na mfuko ungali unafunguka. Tumeona abiria wawili wakibanana kiti kimoja cha mbele, mkanda unaning'inia tu. Dereva naye akae kifua chake kiwe mbali na usukani, sentimeta 25 au zaidi.

Mama aliyempakata mtoto asikae mbele kabisa. Mfuko ukifunguka, mtoto atabanwa kati yake na mama. Tunajua mama hupewa kiti hicho kwa heshima. Basi heshima hiyo tumpe kiti cha nyuma.

Gari likiwashwa, taa ndogo yenye picha ya mtu na duara mbele yake huwaka sekunde chache, ikazimika. Isipozimika, kuna hitilafu, na huenda mfuko usifunguke siku ya ajali. Wapo wanaoificha taa hiyo ili gari liuzike. Kwa hiyo anayenunua gari aangalie kwanza kama taa inawaka, ndipo aangalie kama inazimika.