Mama kajikwaa lakini hakuanguka

SWALI: Daktari, mama yangu ana miaka 71, anatumia dawa za presha na kisukari. Wiki iliyopita alfajiri, akienda kutawadha, alijikwaa kwenye kizingiti cha mlango wa uani, akashika fremu, hakuanguka. Tangu siku hiyo bega linamuuma. Nikimwambia twende hospitali ananijibu, “Kujikwaa si kuanguka.” Nimwache?
— Msomaji, Tanga

JIBU: Usimwache, ila usimtie hofu pia.

Tuanze na bega, maana ndilo lililolipa gharama ya kumwokoa. Mtu akishika fremu kwa mkono mmoja, uzito wa mwili mzima huning'inia begani. Mwombe ajitupie mtandio kichwani kwa mkono huohuo. Akiweza, hata kwa kukunja uso, kuna nafasi nzuri kwamba ni misuli tu iliyovutika. Akishindwa kuuinua mwenyewe, na wewe ukiuinua unapanda bila kukwama, huenda kano imechanika. Huyo aonwe ndani ya siku chache. Asiufunge mkono kwa wiki nzima. Bega la mwenye kisukari huganda upesi likikosa kutumika, na kulilegeza huweza kuchukua miezi. Parasetamoli kwa kipimo chake inatosha kwa wengi. Diklofenaki na ibuprofeni za duka la dawa mwepushe nazo: hupandisha presha, na zikichanganyika na baadhi ya dawa za presha huumiza figo.

Sasa swali ambalo naona wengi hawaulizi: nini kilimkwaza? Kizingiti kipo pale miaka yote, na mama amekivuka mara elfu. Muulize bila kumhoji kama polisi. Aliona kizunguzungu alipoinuka kitandani? Macho yalikuwa na ukungu? Mguu aliuhisi, au uliburuta?

Kizunguzungu cha alfajiri mara nyingi ni presha inayoshuka mtu anaposimama. Kama mna mashine nyumbani, alale dakika tano, mpime; asimame, mpime tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ziandikeni namba hizo mumpelekee daktari. Msimwachishe dawa wenyewe. Huenda ni suala la kupunguza dozi tu, au kubadili saa ya kuimeza.

Sukari nayo ina njia mbili za kumwangusha mtu. Ikiwa anatumia insulini au glibenklamidi, inaweza kushuka usiku akaamka akitetemeka na kuyumba. Chini ya 4 mmol/L ni ya chini mno, apewe kitu cha sukari hapohapo. Njia ya pili ni ya polepole: ganzi ya nyayo. Mvue ndala uangalie vidole, kucha na katikati ya vidole, kwani mwenye ganzi anaweza kung'oa ukucha kwenye kizingiti asijue hadi kidonda kinuke. Metfomini ikitumika miaka mingi inaweza kupunguza vitamini B12 na kuzidisha ganzi, jambo linalopimika.

Kuna jaribio lisilohitaji mashine. Akae kwenye kiti, ainuke, atembee mita 3 kwa mwendo wake wa kawaida, ageuke, arudi, akae. Ikichukua sekunde 12 au zaidi, hatari ya kuanguka ipo. Dawa yake ni mazoezi, si kumkalisha kitako. Mzee anayekatazwa kutembea hupoteza nguvu za mapaja, kisha huanguka kwelikweli. Ainuke na kukaa kitini mara kadhaa kila siku, kiti kikiwa kimeegemezwa ukutani.

Nyumbani, pakeni kizingiti rangi nyeupe na muweke taa inayowaka usiku kucha njiani. Ndala zilizolika kisigino mzitupe, mnunue viatu vyenye mkanda nyuma. Dera linaloburuta lipunguzwe pindo. Atawadhe akiwa amekaa kwenye kigoda, hasa wakati wa kuosha miguu.

Mambo haya hayasubiri kupambazuka: mdomo kupinda, mkono au mguu kulegea ghafla, maneno kuchanganyika, kuzimia, maumivu ya kifua. Na kama anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kichwa kinachozidi kuuma au usingizi usio wa kawaida katika wiki zinazofuata ni safari ya hospitali, hata kama hakujigonga popote.

Bega likiwa linainuka na dalili hizo hazipo, mengine yote yanaweza kufanyika kwenye kliniki yake ya kawaida, ila iwahisheni kama ni ya mwezi ujao. Wazee wengi hawamwambii daktari habari ya kujikwaa kwa sababu haikuacha jeraha, kwa hiyo iseme wewe. Beba mfuko wenye dawa zake zote, zikiwemo za mitishamba na zile alizopewa na jirani.