Usalama na Afya: Maji Unayomwaga Yanarudi Kisimani



Wengi husema: «Maji machafu nimekwisha kuyamwaga, yamekwenda.» Yamekwenda wapi? Tufuate safari yake.

Jua hupasha maji ya mito, maziwa na bahari, nayo hugeuka mvuke na kupanda juu. Miti pia hutoa mvuke kwa majani yake. Juu kuna baridi: mvuke unakuwa mawingu, mawingu yanaleta mvua. Hapa Lubumbashi mvua hunyesha hasa toka Novemba mpaka Machi. Sehemu moja hukimbia juu ya udongo mpaka mto Lubumbashi, kisha Kafubu, kisha Luapula. Sehemu nyingine huzama polepole chini. Ndiyo inayolisha visima vyetu wakati wa kiangazi, na ndiyo inayoingia mgodini. Kule Kipushi, pampu zilipoharibika mwaka 2011, maji yalipanda na kufunika sehemu za chini za mgodi.

Kazi za watu hubadili safari hiyo. Kiwanda cha kuyeyusha shaba cha Lubumbashi kilianza mwaka 1911. Upepo ulipeleka moshi wake wenye salfa upande wa kaskazini-magharibi. Moshi wa namna hii ukikutana na mvua hufanya asidi. Miti ilikufa, na vumbi la metali likabaki udongoni. Udongo ukiwa wazi, mvua haizami vizuri. Inakimbia na kubeba udongo mpaka mtoni. Kukata miti ovyo kwa ajili ya makala kunaleta hasara hiyo hiyo. Penga Penga, watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wametia chokaa na mbolea, wakapanda majani ili kuufunika udongo tena.

Basi, tufanye nini?

1. Kisima kiwe mbali na choo, mita 30 au zaidi, upande wa juu wa mteremko. Kifuniko kisikose.

2. Chemsheni maji ya kunywa mpaka yatokote. Moto huua vijidudu vya kipindupindu. Lakini jueni: moto hauondoi metali, na maji yenye metali yaweza kuonekana safi. Kisima kilicho karibu na kiwanda, maji yake yapimwe kwanza.

3. Nguo za kazi zina vumbi la madini. Msizifue kisimani wala mtoni, wala pamoja na nguo za watoto.

4. Mafuta machafu ya mashine na asidi ya betri visimwagwe chini.

5. Ukiwa kazini, ukiona bomba au bwawa la mabaki ya kiwanda linavuja, mwambie mkubwa wako wa kazi mara moja. Usingoje zamu ya pili.

6. Ukikata mti, panda mwingine, na uutunze.

Kumbukeni: maji ni yale yale yanayozunguka. Unachomwaga leo katika lupango, mtoto wako aweza kukichota kesho.