Mshahara Umekatwa, Kadi Imekataa: Tufanye Nini?

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malaria, kuhara na lishe ya watoto. Mwezi huu tunapenda kuzungumzia mshahara, bima ya matibabu na mafarakano ya kazini. Huenda mtu akauliza, haya yanahusianaje na afya? Yanahusiana sana.

Hapa Issuna wengi wetu ni wakulima wa alizeti na uwele. Lakini katika ukoo hakosekani mmoja anayepokea mshahara: mwalimu, muuguzi, dereva au mlinzi. Mtu huyo akiwa na kadi ya bima, nyumba yake yote inaitegemea.

Tuchukue mfano. Mama fulani anatumia dawa za shinikizo la damu, na mumewe ni mlinzi. Mama anafika kituo cha afya, karani anaangalia, kisha anasema, "Mama, kadi yako haisomi." Mama anajibu, "Mbona baba watoto anakatwa kila mwezi?" Anarudi nyumbani mikono mitupu. Kesho yake mume anagombana na mhasibu, na jioni anamfokea mwenzake wa zamu. Wiki tatu zinapita watu wakitafuta mwenye kosa, na mama hajameza kidonge hata kimoja.

Hapo ndipo penye hatari. Madai ya fedha yanaweza kusubiri wiki tatu. Dawa haiwezi kusubiri.

FEDHA TUNAZOKATWA NI ZA NINI?

Wazee wetu wanakumbuka kwamba hospitali za serikali zilianza kutoza wagonjwa mwaka 1993. Mwaka 1996 Mfuko wa Afya ya Jamii ulianza kwa jirani zetu wa Igunga, ili familia ichangie mara moja kwa mwaka kabla ya kuugua. Kwa watumishi, sheria ya mwaka 1999 iliunda Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ulioanza kazi mwaka 2001. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote.

Katika Mfuko wa Taifa, mtumishi hukatwa asilimia 3 ya mshahara na mwajiri huongeza asilimia 3. Mwenye mshahara wa shilingi 400,000 hukatwa shilingi 12,000, na mwajiri hutoa 12,000 nyingine. Jumla ni 24,000 kila mwezi. Kwa mchango huo hutibiwa mwanachama, mwenzi wake na wategemezi wasiozidi wanne.

KWA NINI KADI HUKATAA?

Sababu ni nyingi. Pengine mwajiri amekata fedha lakini hajaziwasilisha. Pengine jina kwenye kadi halifanani na lile la kwenye kitambulisho. Pengine mtoto aliyezaliwa hajaandikishwa. Pengine dawa iliyoandikwa haimo katika orodha ya bima, au ngazi ya kituo hicho hairuhusiwi kuitoa. Wakati mwingine ugomvi uko mbali na sisi kabisa. Mwezi Machi 2024, baadhi ya hospitali za binafsi zilisimamisha huduma kwa wanachama wa Mfuko, kwa sababu ya kutoelewana kuhusu kitita kipya cha malipo.

Karani wa dirishani hakusababisha hata moja kati ya hayo. Kumtukana hakufungui kadi. Tumwulize kwa upole, "Inakataa kwa sababu gani?" na jibu lake tuliandike. Karatasi hiyo ndiyo tutakayoipeleka kwa mwajiri.

WENZETU WA KAZINI

Walimu wawili wana mshahara sawa, lakini mmoja anapeleka nyumbani kidogo. Maneno yanaanza: mhasibu ana upendeleo. Kumbe mmoja anarejesha mkopo wa elimu ya juu, ambao hukatwa asilimia 15 ya mshahara, na mwingine hakukopa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe maelezo ya maandishi yanayoonyesha malipo na makato. Basi kabla ya kununa, tuombe hati ya mshahara na tuisome mstari kwa mstari.

Tena tunamsema mwenzetu anayeumwa mara kwa mara kuwa ni mvivu. Sheria hiyo hiyo inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Anayeleta cheti cha daktari haibi muda wa mtu. Leo ni yeye, kesho ni sisi.

Hasira ni hasara, hata kwa mwili. Mtu mwenye hasira moyo humwenda mbio na damu yake hupanda. Akiipeleka hasira hiyo kwenye pombe au kukosa usingizi, shinikizo la damu linazidi kuwa gumu kutuliza.

DAWA ISIKATIZWE

Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili. Mgonjwa anaacha dawa, anajiona mzima, anafikiri amepona. Ndani, mishipa inaendelea kuharibika, na mwisho wake unaweza kuwa kiharusi, moyo kushindwa kazi au figo kufa. Kisukari na kifafa navyo havitaki dawa ikatizwe. Kwa hiyo kadi ikikataa, tufanye hivi:

1. Tusiondoke kituoni kabla ya kumwona mganga. Tumweleze kwamba bima imekwama, na tumwombe dawa ya bei nafuu inayofaa ugonjwa ule ule.

2. Tukishindwa kununua dawa za mwezi mzima, tununue za wiki moja huku tukifuatilia kadi.

3. Tusigawanye vidonge ili vitoshe, wala tusiazime dawa za jirani, bila kumwuliza mganga.

4. Mdomo ukienda upande, mkono mmoja ukilegea ghafla, au maneno yakikataa kutoka, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Habari ya kadi itafuata baadaye.

5. Mwenye kadi aende kwa mwajiri na hati za mshahara za miezi mitatu na ile karatasi ya kituoni. Aulize kama michango imewasilishwa. Asipopata jibu, aende ofisi ya Mfuko mkoani Singida, au kwa viongozi wa chama cha wafanyakazi. Madai ya mshahara yakishindikana kabisa, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

6. Tuikague kadi tukiwa wazima. Mara moja kila miezi mitatu, anayepita kituoni aulize kama kadi za nyumba yake zinasoma. Baada ya mavuno, familia itenge kiasi kidogo cha fedha ya alizeti kwa ajili ya dawa. Akiba haiozi.

Yule mlinzi wa mfano wetu ana haki ya kudai, na adai bila kuchoka. Lakini siku ile ile aliyoambiwa kadi haisomi, swali lake la kwanza liwe hili: mke wangu atameza nini leo jioni?

MASWALI YA KUJADILIANA NYUMBANI

1. Nani katika nyumba yetu hutumia dawa kila siku, na zimebaki za siku ngapi?

2. Mara ya mwisho tuliisoma lini hati ya mshahara?

3. Je, yuko mwenzetu kazini tuliyemhukumu bila kujua ugonjwa wake?