Somo la 14: Galaksi Zikigongana, Nyota Huzaliwa



Wavuvi wa Kagunga huvua dagaa usiku wa giza. Wakati wa mbalamwezi taa zao hazivuti dagaa vizuri, kwa hiyo hupumzika. Giza hilo la ziwani huwaonyesha nyota vizuri kuliko watu wa mjini.

Siku hizi tunasikia redioni kwamba makundi ya nyota hugongana. Wengine huogopa. Je, kuna sababu ya kuogopa? Tujifunze.

Galaksi ni nini?

Jua letu ni nyota. Liko katika jamii moja na nyota nyingine zaidi ya bilioni 100. Bilioni moja ni milioni elfu moja. Jamii kubwa namna hiyo huitwa galaksi. Ndani yake mna pia gesi na vumbi. Ule mkanda mweupe uonekanao angani ni galaksi yetu, nasi tunaitazama tukiwa ndani yake. Huitwa Njia Nyeupe.

Ziko galaksi nyingine nyingi. Galaksi huvutana, kama dunia ivutavyo jiwe lililotupwa juu likarudi chini. Ndiyo maana baadhi hukaribiana, kisha hugongana.

Nyota hupishana

Chukua punje ya ulezi, uiweke Kagunga. Sema kwamba hilo ndilo jua. Nyota iliyo jirani itakuwa punje nyingine, huko Kigoma mjini! Basi galaksi mbili zikiingiliana, nyota zake hupishana tu. Ni kama mitumbwi michache katika ziwa kubwa. Ni vigumu sana kugongana.

Gesi hubanwa

Gesi haipishani. Imetanda kama ukungu. Mawingu ya gesi ya galaksi hii hukutana na ya galaksi ile, yakabanwa. Umewahi kutumia pampu ya baiskeli? Ukipampu kwa nguvu, pampu hupata moto, maana hewa imebanwa. Wingu la gesi nalo likibanwa hujivuta lenyewe, likazidi kujibana. Katikati yake joto hupanda hadi mamilioni ya digrii. Hapo nyota mpya huwaka.

Mfano ni galaksi mbili ziitwazo Antena. William Herschel alizigundua mwaka 1785 huko Uingereza. Mwaka 1997 wataalamu walionyesha picha zake zilizopigwa kwa darubini ya Hubble, inayozunguka nje ya dunia. Waliona vishada vya nyota changa zaidi ya 1,000, vilivyozaliwa kwa sababu ya mgongano huo.

Lakini gesi ni kama mbegu. Ikitumika yote kwa mara moja, baadaye nyota huzaliwa chache.

Tazama mwenyewe

Mwezi wa Desemba, usiku usio na mwezi wala mvua, kama saa 4, tazama kusini. Utaona mabaka mawili meupe, kama vipande vya wingu visivyopeperushwa na upepo. Hizo ni galaksi mbili ndogo, ziitwazo Mawingu ya Magellan. Nuru ya lile kubwa husafiri miaka 160,000 kabla ya kufika machoni pako. Galaksi hizo huvutana, na zimewahi kuingiliana. Katika lile kubwa kuna mahali paitwapo Tarantula, ambapo nyota nyingi zinazaliwa.

Je, tuogope?

Galaksi kubwa iliyo jirani yetu huitwa Andromeda. Mwaka 2012 wataalamu walitangaza kwamba itagongana na yetu baada ya miaka bilioni 4 hivi. Mwaka 2025 wengine walipiga hesabu upya. Waliona kwamba huenda zikagongana, huenda zikapishana, katika miaka bilioni 10 ijayo. Nafasi ni nusu kwa nusu.

Basi hakuna sababu ya kuogopa. Mtu akikutisha kwa habari za mbinguni, muulize: Ni lini? Imepimwaje? Anayejua kusoma na kuhesabu hatishwi ovyo.

Maswali

1. Kwa nini nyota hazigongani galaksi zinapoingiliana?
2. Gesi ikibanwa, nini hutokea?
3. Nuru ya Wingu kubwa la Magellan husafiri miaka mingapi kutufikia?
4. Nenda na wenzako mkatazame Mawingu ya Magellan. Andika sentensi tano juu ya mliyoyaona.