Kutembelea Msitu wa Miombo

Atokaye Kolwezi, mji mkuu wa jimbo la Lualaba tangu 2015, akaingia msituni mwezi wa Septemba, huona miombo imechipua majani mekundu kabla ya mvua. Mvua zikinyesha, watu huokota humo uyoga na viwavi.

Mbele hutokea kilima kisicho na miti, ila nyasi na maua madogo. Ndiyo alama ya shaba: wingi wake udongoni huzuia miti isiote. Wasanga wa kale, wayeyushaji wa shaba, waliitambua.

Baadhi ya mimea ya vilima hivyo haioti penginepo duniani. Mgodi ukikiondoa kilima, mimea hiyo haina kwao tena. Nayo miombo hukatwa ichomwe makala.

Maswali
1. Kwa nini kilima cha shaba hakina miti?
2. Miombo ikikatwa, watu hukosa nini?