Somo la 12: Kuku wa barafu

Wazee wengi wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Baadaye, mwaka 1975, ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mafunzo yale hayajapitwa na wakati. Lakini siku hizi kuna chakula ambacho wakati ule hakikufika vijijini: kuku wa barafu.

Hapa Masuguru kuku wetu wengi huchinjwa asubuhi na kuliwa mchana. Hao hawana taabu. Kuku wa barafu huchinjwa mbali, hugandishwa, kisha huuzwa mjini. Bata mzinga wa barafu ni vivyo hivyo, ila yeye ni mkubwa zaidi.

Tuseme una wageni wa Idi au Krismasi. Saa 3 asubuhi umenunua kuku wa barafu mjini Korogwe. Saa 6 mchana umeshuka kwenye basi. Ukamweka mezani ili ayeyuke, ukaenda kuteka maji. Jioni ukamgusa: nje amelainika, ndani bado ni jiwe. Je, kuna ubaya gani?

Ubaya upo nje. Nyama ya nje imepata joto muda mrefu, wakati ya ndani inangoja. Barafu haiui vijidudu, huwalaza tu. Wakipata joto huamka na kuzaana. Katika joto linalowafaa, kijidudu 1 huwa 2 kwa dakika 20 hivi. Hesabu mwenyewe:

Baada ya saa 1: vijidudu 8.
Baada ya saa 2: vijidudu 64.
Baada ya saa 3: vijidudu 512.
Baada ya saa 4: vijidudu 4,096.

Vijidudu hao huleta kuhara, kutapika na homa. Mtu mzima huugua akapona. Mtoto mchanga, mzee na mama mjamzito wanaweza kupoteza maisha.

Tufanye nini?

1. Soma kabla ya kununua. Kusoma kwako kuna faida hapa. Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Tazama uzito. Tazama pia kama kuku amekwisha kutiwa chumvi kiwandani. Kama ametiwa, usimtie tena.

2. Mnunue mwisho, basi likiwa karibu kuondoka. Mfunge kwa magazeti mengi na khanga nzito, umtie katika ndoo yenye mfuniko. Usimweke juani wala karibu na injini.

3. Ukifika nyumbani, mguse. Kama bado ana ubaridi wa barafu, endelea. Kama amekuwa vuguvugu kwa zaidi ya saa 2, usimle. Siku ya jua kali, hata saa 1 ni nyingi. Inauma kutupa kitu cha fedha. Lakini vijidudu wengine huacha sumu ambayo moto wa jiko hauiondoi. Linganisha bei ya kuku na gharama ya kulaza watoto wawili hospitali.

4. Kama huna friji, myeyushe kwa maji baridi. Mwache ndani ya mfuko wake uliofungwa, umzamishe katika ndoo ya maji, kivulini. Badili maji kila baada ya dakika 30. Usitumie maji ya moto. Akianza kukatika kwenye viungo, mkate vipande, umpike papo hapo. Usimrudishe kwenye barafu.

5. Kama una friji, au jirani anakusaidia, mweke ndani yake katika sufuria ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kila kilo 2 huhitaji siku 1. Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi.

Habari ya chumvi

Wapishi wengi hulaza kuku au bata mzinga katika maji ya chumvi ili nyama ikolee na isikauke. Kipimo ni vijiko vikubwa 3 vya chumvi, vilivyosawazishwa, kwa lita 1 ya maji baridi. Kuku hulala saa 4 hadi 12.

Lakini angalia sana: kazi hiyo ni ya ndani ya friji tu. Watu husema, "Chumvi huhifadhi." Ni kweli kwa ng'onda wa pwani ya Tanga, maana samaki yule hupasuliwa, hutiwa chumvi nyingi mno, kisha hukaushwa juani. Chumvi ya mboga haina nguvu hiyo. Kuku aliyelazwa usiku kucha katika maji ya chumvi jikoni huharibika kama mwingine.

Huna friji? Paka vipande chumvi na ndimu, funika, na baada ya nusu saa injika chungu. Maji yaliyolaza kuku yamwage mbali, wala usiyatumie kwa mchuzi.

Usimwoshe kuku mbichi kwa maji ya kurukaruka, kwa sababu matone hubeba vijidudu hadi kwenye vyombo. Osha mikono, kisu na ubao kwa sabuni kabla ya kukata kachumbari. Pika mpaka nyama iachie mfupa na maji yake yasiwe na wekundu. Mwenye kipimajoto apate nyuzi 74 katikati ya paja.

Maswali

1. Kwa nini nje ya kuku huharibika wakati ndani bado ni barafu?
2. Ng'onda na kuku wa maji ya chumvi wanatofautianaje?
3. Bata mzinga ana kilo 6. Atapikwa Jumapili asubuhi. Aingie katika friji siku gani?
4. Maji ni lita 5. Utatia vijiko vingapi vya chumvi?

Kazi ya nyumbani

Wiki hii soma maandishi ya pakiti moja ya chakula dukani. Andika tarehe yake ya mwisho katika daftari. Kisha msomee jirani asiyejua kusoma.